Chumba cha Upande wa Bustani

9 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu za shangazi yako, mzima wa afya, meno yangu yote yapo isipokuwa yale ambayo hata wewe ulipoondoka hayakuwapo. Baba yako naye ni mzima kwa kiasi chake. Anakohoa, anakula, anagomba; siku akinyamaza ndiyo nitaogopa. Cherehani nimeibadilishia mkanda, sasa inakimbia vizuri. Muuza mkaa wa jirani amepata mjukuu. Mtoto ana kichwa kikubwa, basi tumemsifia macho.

Simu yako nimepiga mpaka kidole kimechoka. Naambiwa huko korongoni kwenu hakuna mtandao, kwa hiyo turudi kwenye karatasi kama wazee.

Habari kubwa ya mtaa ni kwamba jalala limefungwa. Malori yaliyokuwa yakituamsha tangu wewe huna ndevu hayaji tena. Yanapeleka takataka kwingine, kwa watu ambao nadhani bado hawajaambiwa. Yalikuja matingatinga yakausawazisha ule mlima, wakamwaga udongo mwekundu wa mfinyanzi, wakaushindilia, wakapanda majani na kuweka kibao kimeandikwa BUSTANI. Bwana afya alisimama juu yake na buti mpya akatutangazia kwamba sasa kila kitu kiko chini na kimekwisha. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, sikudanganyi, maana inzi wamepungua na nguo za wateja wangu hazinuki tena kabla hazijavaliwa.

Ila nikikaa peke yangu najiuliza, kimekwisha vipi? Nepi ya kila mtoto wa mtaa huu imo mle. Magodoro yamo, betri, mizoga ya mbwa, dawa zilizooza, na viatu nilivyovaa siku ya ndoa yangu iliyovunjika. Hakuna nyumba ambayo haikupeleka ndoo yake pale kila siku, na hakuna aliyeuliza inakwenda wapi zaidi ya kutoka mlangoni kwake. Na kabla ya hapo lilikuwa shimo la mawe, nawe unajua nani alilichimba. Baba yako na wenzake walitoa mle mawe ya nusu ya nyumba za mji huu, na hii yetu ni mojawapo. Walitoa mawe, sisi tukarudisha uchafu.

Sasa jambo lililonishikisha kalamu ni hili. Nje harufu imepungua, lakini ndani imezidi. Inapanda kwenye nyufa za sakafu, na si ile ya uozo tuliyoizoea, ni kitu kama yai viza lililochanganywa na mafuta ya taa. Chumba cha baba yako, kile cha nyuma upande wa Bustani, ndicho kibaya kuliko vyote. Anaamka kichwa kinamgonga, akikaa nje kivulini mpaka mchana kinatulia. Kifua chake unakijua. Nimesema tuite fundi, akanijibu fundi ni yeye. Basi nakuuliza wewe unayekula kwa kazi ya sakafu: tufanye nini? Najua nyie wawili hamsemezani. Sijauliza hayo, nimeuliza sakafu.

Shangazi yako

27 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi zinaendelea. Mimi sijambo. Mitambo ya zege huku hailali, na vumbi la saruji tunalinywa na chai. Kitanda cha juu yangu analala mchimba handaki tunayemwita Popo, kwa sababu jua huliona siku ya mapumziko tu, na akiliona hulalamika.

Baba anaendeleaje? Kikohozi ni kikavu au kinatoa kitu? Anapata usingizi? Anakula chakula kigumu au uji tu? Tafadhali niandikie kila kitu, hata kama yeye anasema hakuna kitu.

Kuhusu sakafu, zibeni nyumba yote. Fukueni ile ya zamani, shindilieni kifusi, mtandike nailoni nzito isiyo na tundu, kisha zege juu yake, nene, na kingo zote za ukuta mzizibe kwa lami. Nimechora nyuma ya karatasi hii. Muanze na chumba cha Baba, halafu chako, halafu sebule. Madirisha ya mbao myatoe mtie vioo na mpira pembeni, harufu isipate pa kupita. Nyumba ikizibwa vizuri mtaisahau hiyo Bustani.

Usimwambie kwamba haya ni maneno yangu. Au mwambie, mimi sijui lipi litamfanya akubali. Mpaka leo naliona lile debe la maji alilolimwaga kwenye sakafu yangu mbele ya mteja, na maji yakakimbilia kona moja, na watu wakacheka. Alikuwa na haki ya kusema. Hakuwa na haki ya kumwaga. Ningekuja kuifanya kazi hiyo mwenyewe, ila msimamizi hatoi ruhusa mpaka tumalize ukuta mkubwa wa bwawa.

Mimi mwanao

2 Aprili

Mwanangu fundi,

Barua yako ilifika ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha mtu, kwa hiyo huenda lori lenu la posta lina wasomaji. Sisi ni wazima. Mjukuu wa muuza mkaa ameanza kucheka na kichwa kimeanza kumtosha. Nimepata kazi ya kushona sare za shule nzima, vidole vimeota sugu.

Sasa kaa chini nikuhadithie. Nilimpa baba yako mchoro bila kusema neno. Akautazama, akasema, "Huu ni wa yule." Nikajua nimeharibu. Kesho yake akadai kigoda chake na timazi, ile kamba yake ya kupimia kuta. Unajua mtaani bado wanamwita Mzee Timazi, ila mwenyewe hakuwa ameigusa tangu kifua kimshike. Tulimpata kibarua, naye akakaa kwenye kigoda akimwendesha kwa fimbo, sebule kwanza, kisha chumba changu. Kibarua alilia mara mbili. Zege lilipokauka baba yako akaomba debe la maji. Nikajisemea huyu mzee hana dogo. Akamwaga katikati ya sebule. Maji yakatulia palepale yalipomwagwa. Akayatazama muda mrefu, akafuta pua, akasema, "Amejifunza."

Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza hata mate.

Chumba chake lakini amekataa kisiguswe. Ile sakafu aliimwaga kwa mikono yake mwaka aliomuoa mama yako, na anasema nyufa zake ni za umri, kama zake mwenyewe, na hakuna atakayeipiga sururu yeye akiwa hai. Nimeweza kumbadilishia dirisha tu. Limetiwa kioo na mpira kama ulivyosema, likifungwa hata sauti yangu haimfikii, naona hilo limempendeza.

Vituko havijaisha. Mvua ikinyesha, dimbwi lililo nyuma ya ukuta wake linatokota kama sufuria, na maji ni ya baridi. Muuza mkaa aliwasha kiberiti juu yake, moto wa buluu ukatembea juu ya maji, watu wakakimbia kuja kutazama. Nimemwambia anaharibu biashara yake, maana siku si nyingi tutabandika maharage kwenye dimbwi. Majani ya Bustani upande wetu yamekauka na mvua yote hii. Na kuku wangu, yule aliyetagia chini ya kitanda cha baba yako, nimekuta vifaranga vyake vyote vimelala chali, mama yao kasimama amepumbaa. Baba yako anasema ni mdondo. Kichwa chake bado kinauma, na sasa anatapika asubuhi. Labda ni chakula.

Shangazi yako

25 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Lori la posta liliharibika njiani, barua yako nimeipata jana.

Nilimsomea Popo habari ya dimbwi ili tucheke. Hakucheka. Akaniambia nirudie palipoandikwa vifaranga. Kisha akashuka kitandani akaniuliza, "Mzee bado analala humo?"

Shangazi, mtoe Baba kwenye kile chumba leo hiihii ukishasoma hapa. Popo anasema takataka zikizikwa zinaendelea kuoza na kutoa hewa mbaya. Zamani hewa hiyo ilikuwa inapanda juu na kutawanyika. Sasa wameifunika kwa udongo wa mfinyanzi, haina pa kutokea, kwa hiyo inatambaa pembeni kwenye nyufa za mawe ya lile shimo mpaka chini ya nyumba. Huko handakini wanaijua. Inawaka, na ikijaa chumba inafukuza hewa ya kuvuta. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia, basi. Amepoteza wenzake wawili, wa pili aliingia kumtoa wa kwanza.

Na mimi ndiye niliyewaambia mzibe. Popo alichukua kopo la maji lenye matundu matatu akaziba mawili kwa vidole, na maji yote yakatokea la tatu. Mmeziba sebule na chumba chako. Kilichokuwa kinatoka nyumba nzima sasa kinatokea kwa Baba, na dirisha lake nimelifunga mimi kwa mpira.

Baba asilale mle hata mara moja. Fungueni dirisha, msiwashe kiberiti wala sigara humo. Mwiteni bwana afya. Niambie Baba amesema nini. Mimi ruhusa bado sijapata.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Sisi tupo, tunapumua, nimeanza na hilo ili usiruke mistari. Barua yako ilichukua muda kufika. Siku niliyoisoma niliacha suruali ya mtu kwenye cherehani, nikaenda kumtoa baba yako kwa mkono.

Kisha nikaenda kwa bwana afya. Akafungua ramani akanionyesha kwamba jalala linaishia kwenye uzio, na nyumba yetu iko nje ya uzio. Nikamwambia hewa haikusoma shule. Nikakaa pale ofisini nikishona vifungo mpaka akachoka kuniona, akaja na kimashine cha kupimia. Sebuleni kilinyamaza. Chumbani kwangu kilinyamaza. Kwenye mlango wa baba yako kikapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Bwana afya akakizima haraka asije akatia watu hofu, akasema huenda kimeharibika, matokeo kamili yataandikwa makao makuu na tutaletewa. Tusubiri, na tufungue madirisha. Huyo ndiye bwana afya wetu.

Shida sasa ni mzee wako. Sebuleni hataki, anasema hawezi kulala mahali wageni wanakunywa chai kama maiti inayosubiri gari. Nikampa chumba changu, nikahamia sebuleni kwenye mkeka pamoja na sare za shule. Alilala humo siku ya kwanza. Kuanzia hapo kila asubuhi namkuta amerudi kitandani kwake, macho mekundu, kichwa kinamuuma, na hasira juu. Nilifunga mlango kwa kufuli. Alilitoa kwa bisibisi. Nilisahau kwamba ni fundi. Nimelia mbele yake, mwanangu, mimi ambaye hata kwenye talaka yangu sikulia. Akaniambia kwamba amelala chumba kile na mkewe, na harufu ya jalala anaijua kuliko mimi.

Anakudharau? Hapana. Mchoro wako ameubandika ukutani. Ila maneno yako anataka kuyasikia kwako, si kwangu. Sauti yangu ameizoea kama mlio wa cherehani, akiisikia analala.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za msimamizi. Mke wa dereva wenu wa lori yuko mtaa wa pili, na mumewe huja nyumbani kila ukuta ukimwagwa na usipomwagwa. Mumewe amemwambia hujaomba ruhusa. Njoo umshike mkono umtoe. Wewe hawezi kukushinda, kwa sababu moyoni anataka ushinde.

Shangazi yako

8 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi ya sare imekwisha salama.

Siwezi kulala nikifikiria Baba. Mwambie nimesema atoke. Mwambie Popo amesema, labda mtu asiyemjua atamsikiliza. Nimechora hapa namna ya kutoboa ukuta wa nyuma chini kabisa na kupitisha bomba mpaka juu ya paa, ili hewa ipate njia. Mpeni kazi kibarua yuleyule kama bado ana machozi. Lakini bomba si dawa kamili, asilale mle.

Amebandika mchoro ukuta gani? Anautazama? Kutapika kumeacha? Je, aliposema "amejifunza" alikuwa anatabasamu au alikuwa na uso wake wa kawaida? Nijibu hilo hasa.

Huku mvua imeanza na barabara inameguka. Popo anakusalimu.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Salamu zako na za Popo zimefika, mrudishie na mwambie akipata likizo aje nimpime shati, mtu wa chini ya ardhi lazima nguo zake ni aibu. Mvua huku nazo zimekuja, za baridi. Bustani imewekewa mabenchi. Jumamosi maharusi walikuja kupigwa picha pale juu, bibi arusi kaburuza gauni jeupe juu ya nepi za watoto wetu, na mimi nikawapungia mkono.

Baba yako nimemweza. Niliwaza na kuwaza, nikaona kitanda kile haachi kukirudia kwa sababu kiko kitupu. Basi nimehamia mimi. Nilibeba mto wangu na kanga zangu nikamwambia sebuleni mgongo unaniuma, nachukua chumba chake. Angefanya nini? Mwanaume hawezi kuingia mahali dada yake amelala. Alisimama mlangoni akanung'unika, akarudi chumbani kwangu, na tangu siku hiyo hajatoka. Hata kufuli sihitaji.

Usiwe na wasiwasi, dirisha naliacha wazi, na bomba lako kibarua ameshalitia.

Na matokeo yake ni haya: kutapika kumeacha. Kichwa hakimuumi. Anakula chakula chochote kigumu, anatembea mpaka kwa muuza mkaa na kurudi, jana amegombana na watu watatu kabla ya adhuhuri. Kikohozi bado kipo lakini ni kile cha zamani, cha vumbi la mawe. Mchoro ameubandika mbele ya kitanda, anautazama akinywa chai. Na ulilouliza hasa, uso ulikuwa wa kawaida, ila alirudi peke yake baadaye akapapasa ile sakafu kwa kiganja. Nilimwona, hakuniona.

Makao makuu hawajaleta matokeo ya kile kimashine. Mimi kichwa kinaniuma kidogo asubuhi, nadhani ni macho, kushona sare nyeusi kumenimaliza. Nahitaji miwani. Na uzee nao haubishi hodi.

Nimesema njoo, sitasema tena.

Shangazi yako

24 Julai

Shangazi yangu mpendwa sana,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Alipapasa sakafu! Nimemwambia kila mtu bwenini, mpaka Popo ameniomba ninyamaze watu walale. Nashukuru kwa hekima yako, hakuna mwingine angemweza Baba. Sasa hivi nalala usingizi ambao sijaulala tangu Aprili.

Mwambie nimefurahi. Endelea kumwangalia kifua, mvua za baridi zisimpate, avae sweta. Je, ameanza kushika kazi ndogondogo? Akitaka, mwambie aniandikie hata mstari mmoja, au akuambie uandike. Nitaomba ruhusa ukuta ukiisha, mwezi wa kumi na mbili, na safari hii nitaomba kweli. Miwani nitakuletea mwenyewe, mjini karibu na huku wanauza nzuri.

Barabara imekatika, sijui barua hii itafika lini.

Mwanao

20 Agosti

Mwanangu,

Shangazi yako amefariki. Naanza na hilo. Yeye angeanza na salamu, mimi sijui kuziandika.

Tulipiga simu ofisi ya bwawa iliyoko mjini, wakasema barabara imekatika na ujumbe utafikishwa. Sijui kama walikufikishia. Tumemzika bila wewe. Usijilaumu kwa hilo, hatukuweza kumweka.

Ilinyesha wiki nzima. Maji yalikuwa yanaingia dirishani na kulowesha kitanda, nadhani ndiyo maana alilifunga. Wanasema pia udongo wa Bustani ukilowa unaziba kabisa, na hewa yote inakuja huku. Bomba lako halikutosha. Asubuhi sikusikia cherehani. Nilikwenda nikabisha hodi, nikaita, nikaita tena. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, ningeusukuma kwa kidole. Sikuusukuma kwa sababu dada yangu alikuwa amelala ndani. Nilikwenda kwa muuza mkaa, nikamwita mkewe aje aingie yeye. Alikuwa anamwogesha mjukuu, nikasubiri amalize kumfunga nepi. Madaktari wanasema alikuwa amekwisha kuondoka, kusubiri kwangu hakukubadilisha kitu. Nimewasikia. Sijui kama nawaamini.

Bwana afya alikuja baada ya mazishi na karatasi ya makao makuu. Inasema chumba hakifai kukaliwa na binadamu. Wamezungushia nyumba utepe mwekundu, na kibao cha Bustani wamekiondoa. Nimehifadhiwa kwa muuza mkaa. Nyumba za mstari wetu wote zimepimwa, na kimashine kimelia kwenye nne. Watu wanauliza wahamie wapi, bwana afya anasema hilo si idara yake.

Kabla ya kutoka niliivunja ile sakafu. Kibarua alitaka kunisaidia nikamkataza. Niliifukua kwa sururu kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, nikipumzika nje na kurudi, dirisha na mlango vikiwa wazi. Chini yake kulikuwa na mawe niliyoyapanga mwenyewe, meusi yote, yanateleza kama yamepakwa mafuta. Ningeivunja Machi, pamoja na zile nyingine. Ulisema, na yeye alisema.

Njoo. Si kwa ajili ya kazi, hakuna cha kujenga hapa. Njoo tu, mimi siwezi kuhama peke yangu, na sakafu yako ya sebule sikuigusa, ni nzuri.

Barua zako alizitunza kwenye droo ya cherehani, na ile ya mwisho imefika akiwa kaburini. Nimezisoma zote. Umeniulizia kikohozi, usingizi, chakula, kutapika na sweta. Kwake uliandika natumaini hujambo, ukapita. Alikuandikia kwamba ndiye anayelala kule na kwamba kichwa kinamuuma, nawe ukamwahidi miwani. Sikulaumu. Mimi nililala kitandani kwake tangu Juni, kila asubuhi nilikunywa chai aliyonipikia, na sikumuuliza hata siku moja ameamkaje.

Baba yako